Ukilala chomboni, usilale na jiko

Kama una kijana anayelala baharini, awe kwenye jahazi la mizigo linalokwenda Mafia na Kilwa au kwenye boti ya uvuvi inayokaa majini siku kadhaa, leo naandika kwa ajili yako. Wengi wetu tukisikia bahari tunawaza kuzama tu. Jaketi la kuokolea ni lazima, sibishi. Lakini chombo ni nyumba pia, na nyumba ina maradhi yake.

Nianze na linaloua kimyakimya. Mvua ikinyesha usiku, mabaharia huingia ndani, hushusha turubai na kuacha jiko la mkaa likiwaka ili wapate joto na nguo zikauke. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, hivyo usidhani moshi ukiisha hatari imekwisha. Makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa vilevile. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha husinzia. Baharini watu husema ni mawimbi tu, na hapo ndipo balaa lilipo. Wakiumwa kichwa wawili au watatu kwa pamoja, tena watu waliozoea bahari, watoeni wote nje penye upepo kwanza, mengine yatafuata. Moshi wa jenereta na wa injini una gesi hiyo hiyo.

Pili ni maji. Anayevuta nyavu juani anaweza kutoka jasho la lita 1 kwa saa. Vijana hunywa kidogo ili dumu lisiishe mapema, wanarudi na mkojo wa rangi ya chai na maumivu ya kiuno. Mwenzenu akianza kuongea yasiyoeleweka huku mwili unawaka, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwilini, hata ya bahari, mpepeeni, na rudini pwani. Kuyanywa maji ya bahari ni kosa. Chumvi yake hukausha mwili zaidi.

Dumu lililowahi kubeba dizeli au dawa za viwandani halifai kwa maji ya kunywa, hata likioshwa mara kumi. Na pipa lisilo na mfuniko hufuga mbu wa dengi, anayependa maji safi na huuma mchana. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mayai ya mbu huyu huvumilia ukavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi, sugua kuta za pipa. Kijana akirudi na homa, apimwe malaria na dengi. Kabla ya majibu mpe parasetamoli, usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwani zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Fangasi na vipele nitavipitia haraka: oga maji baridi japo kopo moja, vua nguo yenye chumvi kabla ya kulala, na usikae na miguu ndani ya maji ya ngama yenye mafuta.

Sasa neno kwa wenye vyombo, najua baadhi yenu hamtalipenda. Mnanunua injini ya mamilioni, lakini maji, turubai la kivuli na sehemu ya kupikia yenye upepo mnamwachia baharia ajitafutie. Kwa maoni yangu hivyo ni vifaa vya chombo kama nanga ilivyo, na gharama yake ni yenu. Baharia anayelipwa kwa mgao wa samaki hawezi kudai haya peke yake.

Mzazi, kabla kijana hajapanda, muulize nahodha maji ya kunywa ni lita ngapi na jiko linakaa wapi usiku. Uliza hata kama mwanao ana ndevu na anakuona unamwaibisha.