Ng'onda Naye Hukunjika

Katika methali zote tulizorithi kwa wazee wetu, Mungu awarehemu, sijui iliyodhulumiwa kama ile isemayo samaki mkunje angali mbichi. Waliitunga kwa ajili ya wazazi, wapate kuwaadilisha watoto wao mapema. Leo imetwaliwa na watu wazima wenye ndevu na mvi, wakaifanya ngao ya kukingia nasaha na fatwa ya kuhalalishia kila ila ya nafsi zao. Mwambie mtu, kwa upole na adabu, kwamba ulimi wake umekuwa mkali kwa mkewe, au kwamba deni la dukani limepita ahadi, ataweka chini kikombe chake cha kahawa, atakunja miguu barazani, na kwa sauti ya mtu aliyekwisha shinda kesi atakujibu: "Ndugu yangu, mimi ndivyo nilivyo. Samaki mkunje angali mbichi."

Nami huuliza, watu hawa wamekulia pwani ipi? Nani katika sisi hajamwona mama yake akitwaa ng'onda, mkavu kama ubao, mwenye chumvi ya kuuma ulimi, akamroweka usiku, akambadilishia maji alfajiri, na adhuhuri akamtia katika tui la nazi akiwa laini, hata mgeni asijue kwamba aliwahi kuanikwa juani? Ng'onda akishurutishwa kabla ya kurowa huvunjika, hilo sikatai. Lakini kosa hapo ni la mpishi mwenye pupa. Tofauti iliyopo ni kwamba samaki hutiwa bakulini na mkono wa mwingine, na mwanadamu hana budi aingie kwa hiari yake.

Sisemi haya kwa kuwadharau wasomaji wangu, ambao ni watu wa busara, na lau wasingalikuwa hivyo wasingalikuwa na subira ya kunisikiliza hadi hapa. Nawakumbusha tu wanayoyajua. Sayyidna Umar bin Khattab alikuwa mtu mzima, tena hasimu mkali wa Waislamu, kabla hajawa nguzo yao na khalifa wao wa pili. Khalid bin Walid ndiye aliyewazunguka kwa farasi kule Uhud akawatia msiba mkubwa, kisha yeye yule akaja kuitwa Upanga wa Mwenyezi Mungu. Ndugu zetu Wakristo nao wanaye Sauli wa Tarso. Hakuna hata mmoja wao aliyekunjwa angali mbichi, na anayesema ndivyo nilivyoumbwa anamsingizia Muumba kazi ya mazoea yake mwenyewe.

Wala si lazima twende mbali hivyo. Mwaka 2004, Kenya ilipokuwa imekwisha futa karo za shule za msingi, Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alivaa kaptura na soksi ndefu akaenda kuandikishwa darasa la kwanza karibu na Eldoret, kwa kuwa alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Mwaka uliofuata alisimama New York, katika Umoja wa Mataifa, akiwasemea watoto wasio na shule. Nadhani herufi hazikumlemea kama kule kukaa dawatini mbele ya watoto na kukiri kwamba hajui. Wengi wetu tungeona heri kufa na ujinga wetu kuliko kuivaa kaptura ile.

Hapa nisameheni nitoke njiani kidogo, kwani liko neno jingine linalonikereketa, nalo ni jinsi tulivyoligeuza tamko tukufu la inshallah kuwa namna ya kukataa bila kuonekana umekataa. Fundi cherehani mmoja nilimpelekea kitambaa cha kanzu katikati ya Shaabani. Kila nikipita huniambia Ijumaa, inshallah. Ramadhani ikaingia, ikatoka, nikaswali Idi kwa kanzu kuukuu yenye kiraka kwapani, na ile mpya ikaja Mfunguo Pili, tena imenibana mabegani. Watu wangu wa baraza nao ndiyo mila yao: wakibanwa sana na nasaha husema, "Nitajirekebisha, inshallah," na ukiwatazama machoni waona wamekwisha kataa.

Walakini nisijitie utakatifu. Juzi binti yangu, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, aliniambia, "Baba, shikamoo, lakini nina neno: tangu utotoni hujapata kuniacha nimalize maneno yangu." Methali ile ile ilinijia hadi ncha ya ulimi, nikaimeza kwa shida. Tangu siku hiyo nimemwacha amalize mara mbili. Mara ya tatu nilimkatiza, nikakumbuka katikati, nikamwomba radhi; akacheka sana, akaanza hadithi yake upya tangu mwanzo, nami nikakaa kimya nikihesabu chembe za tasbihi yangu.