Kuteleza si Kuanguka



Mwezi huu tumeona vema tujibu swali la mama mmoja, kwa kuwa linagusa nyumba nyingi, hata zile ambazo hazijawahi kuona fimbo ya gofu. Mama huyu ana binti wa miaka 15 anayecheza gofu. Anatueleza kwamba katika mashimo tisa ya kwanza binti hucheza vizuri hata watu wazima humsifu. Lakini akifika shimo la 10 au la 11, mambo hugeuka. Mpira mmoja ukiingia vichakani, unaofuata nao hupotea, kisha mwingine tena. Wakiwa njiani kurudi nyumbani baba hufoka, binti hulia, na mama hukosa la kusema. Sasa binti anasema hataki tena kuzishika fimbo zile. Mama anauliza: "Je, huu ni uvivu, ni woga, au ni ugonjwa?"

Mama mpendwa, asante kwa kuuliza kabla ya kuhukumu. Hebu tuutazame mchezo wenyewe kwanza, kisha mwili, kisha moyo.

Mchezo mrefu kuliko unavyoonekana

Raundi moja kamili ya gofu ina mashimo 18. Mchezaji anayetembea kwa miguu huchukua saa nne au tano kuimaliza, na hutembea kilometa nane hadi kumi, mara nyingi juani na huku amebeba au anavuta mfuko wa fimbo. Katika muda wote huo, kuupiga mpira wenyewe huchukua dakika chache tu. Saa zinazobaki ni za kutembea, kungoja na kuwaza. Hapo ndipo penye ugumu. Mwenye kucheza mpira wa pete akikosa, mpira humrudia mara moja naye husahau. Mwenye kucheza gofu akikosa, hutembea na kosa lake mita mia mbili kabla ya kupiga tena.

Tena hakuna wa kuingia badala yake. Sheria za gofu hazimruhusu hata kuomba ushauri kwa mzazi aliyesimama pembeni. Katika mashindano ya mtu mmoja mmoja, anayeweza kumshauri ni yule tu anayembebea mfuko. Mtoto akiharibikiwa huko katikati, yuko peke yake kweli kweli.

Kwanza tuulize tumbo

Sisi wauguzi tumefundishwa kuuliza maswali mepesi kabla ya yale mazito. Binti alikula nini asubuhi? Alikunywa maji mara ngapi? Alilala saa ngapi usiku? Mtoto aliyeondoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi tu, akatembea saa mbili juani, asilaumiwe akiishiwa nguvu kwenye shimo la 10. Mwili uliopungukiwa maji huchoka upesi, kichwa huuma, na umakini hupungua. Mchezo wa kulenga ndio wa kwanza kuonyesha upungufu huo.

Kwa hiyo mpe chakula cha kushiba kabla ya kutoka: uji mzito, viazi vitamu vya kuchemsha, mkate na yai. Mfukoni mwake weka ndizi na karanga, ale kidogo kidogo akiwa njiani, asingoje hadi njaa imshike. Maji nayo anywe kidogo kidogo kila baada ya mashimo machache, hata kama hana kiu. Kofia isisahaulike.

Kwa wasichana kuna jambo jingine ambalo akina baba wengi hawalifikirii. Msichana anayetokwa na damu nyingi kila mwezi anaweza kupungukiwa na madini ya chuma. Huyu atachoka mapema, atahema akipanda mlima mdogo, na moyo utamwenda mbio. Ukiona dalili hizo, mpeleke kituo cha afya apimwe damu. Vidonge vya chuma asipewe kwa kubahatisha.

Kama mchezaji ana ugonjwa wa kisukari na anatumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, kutembea saa nyingi kunaweza kuishusha sukari yake kupita kiasi. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, na kuchanganyikiwa. Anayemwona atafikiri ni woga wa mashindano, kumbe ni hatari. Asimame, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, au soda yenye sukari, na baada ya dakika 15 apimwe tena. Akiwa amezimia asipewe chochote kinywani, akimbizwe hospitali. Vivyo hivyo, mtu aliyekaa juani akianza kusema maneno yasiyoeleweka huku mwili wake ni wa moto, ahamishiwe kivulini, apozwe kwa maji, na apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Mwili unapopiga king'ora

Sasa tuseme mtoto amekula, amekunywa, na hana ugonjwa wowote. Mbona bado anaharibikiwa?

Mungu ametuumba na king'ora ndani yetu. Tukitishwa, mwili humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, mikono hutetemeka. Hali hiyo ni nzuri ukikimbia nyoka. Lakini ni mbaya ukitaka kuusukuma mpira mdogo polepole hadi shimoni, maana kazi ile inataka mkono mlegevu.

Tena mwenye hofu huanza kujichunguza. Jambo ambalo mikono yake imezoea kulifanya yenyewe, sasa anataka kulisimamia hatua kwa hatua: kiwiko kiko wapi, kiganja kimegeukaje? Mwaka 2002 Sian Beilock na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya kwa wachezaji wa gofu. Wachezaji wazoefu walipoambiwa waufuatilie mwendo wa fimbo yao, walisukuma mpira vibaya kuliko walipopewa kazi nyingine ya kusikiliza wakati huo huo. Akina mama tunalielewa hili bila shida. Wewe husonga ugali kila siku bila kufikiri. Lakini asimame mama mkwe mlangoni akikutazama mkono, utauona mwiko umekuwa mgeni.

Siku moja, wanawake wawili

Mama mpendwa, mwambie binti yako kwamba hata mabingwa hupatwa. Tarehe 6 Juni 2021, katika uwanja wa Olympic Club mjini San Francisco, ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano makubwa ya wanawake ya Marekani, U.S. Women's Open. Mmarekani Lexi Thompson, aliyekuwa ameingia mashindano hayo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 12 tu, alikuwa anaongoza. Yakiwa yamebaki mashimo kumi, alikuwa mbele kwa mikwaju mitano. Wengi waliona kombe ni lake.

Kwenye shimo la 11 alipoteza mikwaju miwili. Kwenye la 14 akapoteza mmoja, la 17 mmoja, na la 18 mmoja tena. Mashimo tisa ya mwisho aliyamaliza kwa mikwaju 41, na akakosa kombe kwa mkwaju mmoja tu.

Lakini siku hiyo hiyo, katika uwanja huo huo, alikuwapo msichana wa miaka 19, Yuka Saso, ambaye mama yake ni Mfilipino na baba yake ni Mjapani. Yeye aliharibikiwa mapema. Kwenye shimo la 2 alipoteza mikwaju miwili, na kwenye la 3 miwili tena. Ungemwona saa ile ungesema amekwisha. Hakwisha. Aliendelea shimo kwa shimo, akapata nafuu kwenye la 16 na la 17, akafungana na Mjapani Nasa Hataoka, na kumshinda kwenye shimo la tatu la nyongeza. Mwaka 2024 alilitwaa kombe hilo kwa mara ya pili, huko Lancaster, Pennsylvania, ingawa katika raundi ya mwisho alihitaji misukumo minne kulimaliza shimo la 6.

Tusiseme kwamba mmoja ni jasiri na mwenzake ni mwoga. Lexi ameshinda mashindano mengi maishani mwake. Jambo la kujifunza ni kwamba kuharibikiwa na kuangamia si kitu kimoja, na tofauti yake huonekana katika mpigo unaofuata.

Yuko pia Mkorea I.K. Kim. Mwaka 2012, huko California, alibakiwa na msukumo wa kama sentimita 35 tu ili ashinde moja ya mashindano makubwa. Mpira ulizunguka ukingo wa shimo ukatoka, naye akashindwa katika shimo la nyongeza. Alingoja miaka mitano. Mwaka 2017, huko Kingsbarns nchini Uskoti, akashinda Women's British Open. Mvumilivu hula mbivu.

Mambo manne ya kumfundisha

Kwanza, apumue. Baada ya mpigo mbaya avute pumzi polepole kwa pua, kisha aitoe kwa muda mrefu zaidi ya alivyoivuta. Arudie mara tatu au nne huku akilegeza mabega na taya. Pumzi ndefu ya kutoka huutuliza moyo.

Pili, awe na mahali pa kufikiri na mahali pa kupiga. Mwalimu wa gofu kutoka Uswidi, Pia Nilsson, aliyemfundisha bingwa Annika Sörenstam, pamoja na mwenzake Lynn Marriott, hufundisha wachezaji wawazie mstari nyuma ya mpira. Nyuma ya mstari mchezaji hufikiri na kuamua. Akishauvuka, hafikiri tena, anapiga. Binti achague utaratibu wake mfupi, ule ule kila mara, mpira ukiwa mwema au mbaya.

Tatu, kosa awekee mpaka. Akasirike akitaka, lakini akishatembea hatua kumi aliache hapo. Maji yakimwagika hayazoleki, na mpira wa shimo la 10 hauchezwi kwenye la 11.

Nne, asihesabu jumla akiwa njiani. Mara nyingi mtoto hupotewa pale anapojiambia, "Nikiendelea hivi nitashinda." Macho yameshaondoka kwenye mpira yakaenda kwenye kombe.

Na sisi wazazi je?

Hapa ndipo tungependa kusema kwa upole lakini bila kuficha. Mama, dawa nyingine iko ndani ya gari lenu. Mtoto anayejua kwamba kosa la shimo la 10 litalipiwa kwa makaripio njia nzima, anapokosa huona uso wa baba kabla hajauona mpira. King'ora kinalia mara mbili, na hapo mikono itatulia vipi?

Zungumza na baba watoto mkiwa wawili, wakati wa utulivu, si mbele ya mtoto na si siku ya mashindano. Usimshtaki, mweleze haya tuliyoyaeleza kuhusu mwili. Kubalianeni kwamba safari ya kurudi haitakuwa na mahakama. Mpeni maji, mpeni chakula, na mwulizeni swali moja tu: "Umefurahia nini leo?" Akitaka kuzungumzia makosa, ataanza mwenyewe, na mengine ni kazi ya mwalimu wake. Tena asipimwe kwa mtoto wa jirani.

Kama anasema hataki tena kucheza, msimlazimishe wala msikubali upesi. Apumzike wiki mbili au tatu, kisha aulizwe. Lakini kama amekosa usingizi, hali vizuri, analia mara kwa mara au haoni raha katika jambo lolote, hilo si la gofu tena. Mpelekeni kwa mganga au mshauri anayeaminika. Na kama moyo humwenda mbio akiwa ametulia, au amewahi kuzimia akicheza, apimwe kabla ya kurudi uwanjani.

Basi jibu la swali lako, mama, ni hili: inawezekana si uvivu hata kidogo. Anza na tumbo, endelea na damu, kisha uangalie hofu, na mwisho muitazame hofu hiyo inatoka wapi. Ikiwa inatoka nyumbani, kuiondoa kumo mikononi mwenu.