Bei Haiimbi

Mwambie mtu anayepamba sebule yake kwamba spika za milioni mbili zinaweza kuzishinda za milioni kumi, naye atakuona mtu aliyekosa fedha au masikio. Imani kwamba ubora wa sauti hupanda kadiri bei inavyopanda imeota mizizi mirefu. Naipinga waziwazi, kwa sababu inawamalizia akiba wapenzi wa muziki, na muziki wenyewe wasiupate.

Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa kampuni ya Harman ya Marekani, waliwapa wasikilizaji 40 spika za aina nne wazipe alama. Mara zilifichwa nyuma ya pazia linalopitisha sauti, mara ziliachwa wazi. Zilipoonekana, zile kubwa za kifahari zilipanda alama, na seti ndogo ya bei nafuu ikashuka. Zilipofichwa, pengo likapungua. Kuna lililonishtua zaidi: bila kuziona, watu walisikia vizuri tofauti spika ilipohamishwa ndani ya chumba, lakini walipoziona, tofauti hiyo karibu iliwapotea. Na hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni inayotengeneza spika! Sasa mnunuzi wa kawaida, aliyekwisha kusoma bei kwenye kibandiko, atajinasuaje?

Sisemi spika zote ni sawa. Spika nzuri humpa aliyekaa pembeni sauti inayofanana na ya aliyekaa mbele, na uhandisi huo una gharama. Lakini mbao adimu na vanishi inayong'aa kama kioo nazo zimo ndani ya bei, na hazisikiki.

Kinachosikika, na ambacho hakuna anayekitengea hata shilingi, ni chumba. Sebule zetu nyingi ni kuta za saruji, sakafu ya marumaru na vioo vipana. Sauti inagonga na kurudi mpaka maneno ya mwimbaji yanavurugika. Besi ina balaa lake. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kuta mbili zikiachana mita 4, besi ya karibu hezi 43 itavimba kwenye kuta hizo na kufifia katikati ya chumba, hata spika ziwe za bei gani. Zulia nene na mapazia mazito vitatuliza mwangwi. Besi haisikii zulia. Hapo sogeza kiti, sogeza spika, sikiliza tena.

Dukani, nenda na muziki unaoujua, tuseme gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Wape mgongo wauzaji, wabadilishe spika bila kukutajia ipi ni ipi. Sisitiza nguvu ya sauti isawazishwe, maana inayolia juu kidogo hulidanganya sikio kuwa ndiyo bora. Ukishachagua, omba kuzijaribu nyumbani kabla hujalipa. Muuzaji akikataa, nenda duka jingine.