Wote na Kitui: Mji haukui kwa maghorofa pekee

NAKURU ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka wa 2021, ikafuatwa na Eldoret mnamo 2024. Shamrashamra hizo zisitufumbe macho. Mtihani halisi wa ugatuzi umo katika miji ya wastani, kama vile Kitui na Wote, makao makuu ya kaunti mbili za Ukambani.

Kwa umri na biashara, mji wa Kitui umetangulia. Ulikuwa kituo cha utawala tangu enzi za ukoloni, ilhali Wote ulianza kuinuka baada ya Makueni kumegwa kutoka Machakos mwaka wa 1992 na kuwa wilaya. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, katika Kaunti ya Kitui. Aidha, barabara ya lami inayopitia Mutomo hadi Kibwezi imeufungulia mji huo njia ya kuelekea Mombasa.

Wote haukujaliwa hivyo. Barabara kuu ya Mombasa na reli ya kisasa zinapitia Emali na Kibwezi, na biashara hufuata njia.

Kilichoupa Wote sifa ni siasa. Mnamo 2014, uhasama kati ya Gavana Kivutha Kibwana na madiwani ulifikia kiwango cha kufyatuliana risasi. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ilipendekeza kaunti ivunjwe, lakini Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka wa 2015.

Makueni ilijinusuru kwa kumpa raia usemi. Wakazi walikutana kuanzia vijijini kuteua miradi, na kamati zao zikawa na kauli kabla ya mwanakandarasi kulipwa. Mwaka wa 2016 kaunti ilianzisha mpango wa matibabu uliotoza familia Sh500 kwa mwaka, na 2017 kiwanda cha maembe kikafunguliwa Kalamba.

Kitui nayo haikulala. Chini ya Gavana Charity Ngilu, kiwanda cha nguo cha Syongila kilianza mwaka wa 2018, na 2020 kikashona barakoa wakati wa janga la corona. Hata hivyo, kiwanda kinachotambulishwa kwa jina la gavana huyumba gavana anapoondoka.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Katiba haimruhusu gavana kuhudumu zaidi ya vipindi viwili. Dkt Julius Malombe, aliyeongoza Kitui kuanzia 2013 hadi 2017 na kurejea 2022, hawezi kuwania tena 2027. Katika Makueni, Mutula Kilonzo Junior alirithi mwaka wa 2022 mfumo ambao hakuuasisi.

Mwekezaji anayetafuta mji wenye mustakabali asihesabu maghorofa tu. Aulize iwapo wakazi wanajua ushuru wa soko unakwenda wapi, na iwapo watathubutu kuuliza hata baada ya uongozi kubadilika. Kitui una soko, Wote una mazoea ya kuuliza. Utakaopata vyote viwili ndio utakaotangulia.