Usalama Barabarani Haufundishwi Ubaoni

Aghalabu mwanachuo anapofundisha usalama barabarani katika darasa la kwanza, huchora barabara ubaoni, akawakaririsha watoto: "Tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena." Watoto hukariri vizuri, naye hupata alama nzuri. Mchana huohuo mtoto mmojawapo huchomoka nyuma ya basi lililosimama, kwa kuwa amemwona mama yake ng'ambo. Maneno aliyajua, barabara hakuijua.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwa hiyo somo hili halina budi kufundishwa kando ya barabara yenyewe.

Kwanza mtoto aelewe sababu. Nchini Tanzania magari huendeshwa upande wa kushoto. Hivyo gari la kwanza kumfikia avukaye hutokea kuliani kwake. Pasipo na njia ya miguu, atembee upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia.

Pili, aone mwendo. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, kiwango cha juu kinachoruhusiwa penye makazi, hupita karibu mita 14 kwa sekunde. Mtoto akivuka barabara ya mita 7 kwa sekunde 7, gari hilo limekwisha kwenda karibu mita 100. Mwalimu apime umbali huo kwa hatua, watoto wahesabu kwa sauti hadi saba. Hapo watatambua kuwa gari wanalodhani liko mbali haliko mbali.

Tatu, mwalimu avuke akieleza kila afanyalo. Kisha avuke na watoto wawili wawili, amewashika mikono. Mwishowe mtoto amwongoze mwalimu.

Wako watakaouliza: mwenye watoto mia darasani atawezaje? Peke yake hawezi. Awatoe kumi kumi, wazazi wakimsaidia. Na pasipo mahali salama pa kuvukia, asimlaumu mtoto, bali alifikishe jambo hilo kwa kamati ya shule na serikali ya kijiji au mtaa, ili matuta na kivuko vidaiwe.

Nasi wakufunzi tujirekebishe: mwanachuo asipewe alama za somo hili mpaka tumemwona barabarani pamoja na watoto wake.