Kalori za ugali na sato: Kwa nini hesabu ya simu inagoma Mwanza

Ukisema unataka kupungua, siku hizi utaambiwa upakue programu ya kuhesabu kalori. Sawa, umepakua. Jioni unaandika "ugali na sato", simu inakuuliza: gramu ngapi? Nani anajua? Ugali uko kwenye sinia, mmekaa watano, kila mtu anamega upande wake.

Programu hizi zinafanya kazi vizuri kwa mtu anayekula vya pakiti. Anaelekeza kamera kwenye ile mistari myeusi, namba inatokea. Mwanza chakula kingi cha nyumbani hakina pakiti. Samaki katoka Mwaloni Kirumba, mihogo na viazi vimetoka shamba, unga umesagwa mashine ya mtaani. Michembe utaisoma kwenye lebo ipi?

Si kwamba namba zetu hazipo. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard walitoa majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania. Kazi kubwa na nzuri, lakini ni ya watafiti na wataalamu wa lishe. Si kitu utakachokikuta jikoni Igoma au Buhongwa.

Na uhitaji upo. Takwimu za kitaifa za afya zilionyesha wanawake wenye uzito uliozidi au unene, kati ya miaka 15 na 49, walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05. Kufikia 2015/16 walikuwa asilimia 28. Nyuma ya namba hizo kuna sukari, presha na magoti yanayouma.

Kosa la kwanza ni maji

Gramu 100 za unga wa mahindi mkavu zina kalori kama 360. Ugali wa uzito huohuo una karibu theluthi tu, kwa sababu sehemu kubwa ni maji. Ukipima ugali kwenye mizani halafu kwenye simu ukachagua "unga wa mahindi", umejiandikia mara tatu. Watu wengi wanakata tamaa hapo, wanaona wamekula mlima kumbe wamekosea mstari.

Njia rahisi ni kupima kabla ya kupika. Kilo moja ya unga ni kalori 3,600 hivi. Mkila watu watano na ukaisha, wastani ni 720 kwa kila mmoja, kwa ugali peke yake. Bila shaka hamgawani sawa: baba anamega matonge makubwa, mtoto wa miaka mitano madogo. Lakini tayari una namba ya kuanzia, na hukuhitaji intaneti. Anayetaka uhakika zaidi ajipakulie kwenye sahani yake.

Sasa tuje kwenye mafuta, maana hapa ndipo penye kesi yenyewe. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, yawe ya alizeti au ya mawese. Nyama ya sato gramu 150, bila mifupa, ina karibu 150 akiwa hajakaangwa. Yaani kijiko kimoja na robo cha mafuta kinalingana na samaki mzima wa kwenye sahani. Anayemlaumu sato anamwonea. Hata dagaa na mapanki, uliza kwanza yametoka kwenye karai la nani.

Chukua dumu la lita 5. Ndani yake kuna kalori kama 41,000. Familia ya watu watano ikilimaliza kwa siku 30, kila mtu amekula wastani wa kalori 273 hivi za mafuta kwa siku. Likiisha kwa wiki tatu, ni 390 hivi. Ushauri wa kawaida kwa anayetaka kupungua ni kupunguza kama kalori 500 kwa siku. Dumu lenyewe linaweza kukufikisha sehemu nzuri ya njia, bila kugusa ugali.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Nyumba inayonunua mafuta ya kupima kwa Mangi tayari inahesabu kalori, bila kujua: yakiisha, yameisha. Mwenye dumu ndiye anayemimina kwa jicho. Kipato kikipanda kidogo, kipimo kinapotea.

Chai pia isisahaulike. Vijiko vitatu vya kujaza, vikombe vitatu kwa siku, ni kalori 200 na zaidi za sukari tupu.

"Unaumwa?"

Lakini jambo gumu kuliko hesabu ni watu. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na Kanda ya Ziwa imezika wengi. Kwa waliokua miaka ile, mtu aliyepungua ghafla alikuwa na maana moja. Hadi leo ukipungua kilo sita, mtaa hausemi hongera. Unaulizwa kwa sauti ya chini kama uko salama. Na ukienda ukweni ukasema umeshiba baada ya matonge manne, mama mkwe anauliza chakula chake kina kasoro gani.

Kwa hiyo anayejipunguzia sahani peke yake anapambana na simu, sinia na majirani kwa pamoja. Anayepunguza mafuta kwenye sufuria hagombani na mtu. Matonge yanabaki yaleyale, mgeni anakula na kushiba.

Tahadhari iko moja: watoto. Mtoto mdogo anayekula sinia hilohilo anahitaji mafuta kiasi ili akue, na hapaswi kuingizwa kwenye mpango wa mama wa kupungua. Mtilie kijiko chake pembeni. Na anayetumia dawa za sukari azungumze kwanza na kliniki yake kabla ya kupunguza chakula, maana sukari inaweza kushuka vibaya.

Kama unataka kuanza, chukua peni. Siku unapofungua dumu, andika tarehe ubavuni, halafu mimina kwa kijiko, si kwa jicho. Likiisha, hesabu siku.