Jiwe Si la Kuwekwa Chini ya Jeki, na Mgomba Ndiyo Kabisa

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa ndizi na mahindi, leo siandiki habari za mbolea wala kutu ya majani ya kahawa. Naandika juu ya kile unachokiweka chini ya jeki ya tela lako. Najua wapo watakaosema bwana shamba ameishiwa mada. Semeni tu. Tela lenye mzigo likimwangukia kijana mkononi, mkono ule haurudi kwa bei yoyote ya kahawa.

Huku kwetu mchezo ni uleule, kuanzia Kibosho hadi Marangu. Tairi limepasuka, utingo anaambiwa "tafuta jiwe". Jiwe linatoka ukingoni mwa barabara, linawekwa chini ya jeki, na mtu anaingia uvunguni. Kazi ikiisha tela linaondoka na jiwe linabaki katikati ya njia, likisubiri bodaboda wa saa mbili usiku. (Hilo nalo ni kosa lake peke yake, nitaliandikia siku nyingine.)

Mtaniambia jiwe ni gumu. Ni gumu kweli, na ugumu huo ndio unaokudanganya. Jiwe la mviringo linagusa ardhi sehemu ndogo tu, kwa hiyo linazama upande mmoja au linabingirika. Jiwe bapa nalo linateleza linapokutana na chuma, hasa likiwa na tope. Bloku ya sementi ndiyo mbaya kuliko yote kwa sababu inaonekana ya kitaalamu. Ukutani inabeba kwa sababu uzito umeenea juu yake yote; chini ya jeki uzito unakaa sehemu moja, na ikishindwa inapasuka ghafla bila kukuonya. Na nimeona watu wakikinga gurudumu kwa kipande cha mgomba! Mgomba ni maji, ndugu yangu. Huo mlishe ng'ombe.

Sasa angalia ardhi yetu. Udongo wa kihambani ni laini, umejaa mboji na majani ya migomba. Masika ukiukanyaga unazama mpaka kifundoni. Kule chini kwenye mpunga, Mabogini na Chekereni, udongo ukilowa ni kama ugali. Tena kuna mfongo: umeegesha tela jioni pakiwa pakavu, usiku zamu ya maji imefika kwa jirani, yamepenya, na asubuhi mguu wa jeki umezama wote.

Tupige hesabu ndogo. Chukua tela la ekseli moja ambalo kilo 300 za uzito wake zinashuka mbele, kwenye mguu wa jeki. Kama kitako cha mguu huo ni sentimita 10 kwa 10, hizo ni sentimita 100 za mraba, na kila moja inabeba kilo 3. Weka chini yake ubao wa sentimita 30 kwa 30. Eneo sasa ni 900, na kila sentimita ya udongo inabeba theluthi moja ya kilo. Uzito ni uleule, udongo ni uleule, lakini mguu hauzami.

Ila ubao uwe mnene. Wa inchi moja unapinda, pembeni hapabebi kitu, na hesabu yote inaharibika. Chukua vipande vya mbao ya inchi 2, vikavu, visivyo na ufa wala fundo kubwa. Panga tabaka mbili, la juu likikatiza la chini, nyuzi za mbao zisielekee upande mmoja, kisha uvipigilie misumari. Mgrevilea mkavu unafaa. Mkaratusi chagua kwa macho, maana hupenda kupasuka unapokauka. Usikate mti kwa ajili hii. Nenda kwa seremala ukaombe masalia. Na anayekuletea taruma la reli kwa bei ya kutupa, mwambie alirudishe lilikotoka.

Kwa jeki ya mafuta, ongeza kipande cha bati nene la chuma juu ya mbao ili kitako chake chembamba kisichimbe. Mbao ina uzuri mmoja ambao jiwe halina: ikizidiwa inabonyea na kulia kabla haijaachia. Unapata nafasi ya kutoka.

Kabla hujapiga jeki, kinga magurudumu kwa kabari za mbao, upande wa bondeni kwanza. Huku mlimani karibu kila mahali ni mteremko, hata unapodhani ni tambarare. Na jeki kazi yake ni kuinua tu. Tela likishainuka, weka stendi ya chuma au magogo mazito yaliyopangwa msalaba chini ya ekseli, lishushe likae hapo, ndipo mtu aingie.

Jambo jingine linalosahaulika ni nyuma ya tela. Umelifungua kutoka kwenye power tiller, umeweka mguu mzuri juu ya ubao mzuri, halafu vijana wanaanza kushusha mikungu ya ndizi kutoka mbele. Uzito unabaki nyuma, tela linabinuka, na mkono wake wa mbele unaruka juu kwenye kidevu cha aliyesimama hapo. Weka egemeo nyuma pia, au shusha mzigo ukianzia nyuma.

Sasa nasema na wenye matela, maana utingo hana la kuamua. Wewe unapakia mabua kutoka shamba la chini mpaka tela halionekani, unalipwa kwa safari, halafu unamwachia kijana anayelipwa kwa siku atafute jiwe gizani. Akikataa kuingia uvunguni unamwita mvivu. Mbao hizo ni vifaa vya tela kama tairi la akiba, na wa kuzinunua ni wewe. Ukinunua tela jipya usitoe hela ya mwisho mpaka muuzaji akuonyeshe jeki, kitako chake na stendi.

Zitoboe tundu, uzifunge kwa mnyororo kwenye fremu, la sivyo zitaishia jikoni kuchemshia makande. Zikianza kuoza au kupasuka, hapo sasa zipeleke jikoni na utengeneze nyingine.